Kitanda cha Thelathini na Moja

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda thelathini, na hakuna aliyehitaji kwenda shule ili ajue hilo. Kumi na tano ukuta huu, kumi na tano ukuta ule, katikati njia ya kigari cha dawa. Basi asubuhi hiyo, mashine ya kuchapa ilipomaliza kukoroma na kutema orodha ya siku, karatasi ya mwisho ilikuwa na mgonjwa wa kitanda cha thelathini na moja.

Muuguzi wa zamu aliisoma mara mbili, akacheka, akampelekea sista mkuu. Sista mkuu, ambaye wodi nzima ilimwita Chuma maana hakuna aliyewahi kumwona akipinda, alisema karatasi ni karatasi. Kama imeandika mkate na kikombe cha maji, basi upelekwe mkate na kikombe cha maji. Trei ikawekwa sakafuni mwisho wa wodi, penye ukuta mtupu, kwa mzaha tu. Mhudumu aliporudi kuichukua, mkate haukuwapo, kikombe kilikuwa kikavu, na pale chini palinuka jivu lililomwagiwa maji.

Mhudumu akasema ni paka. Wodi ile haikuwahi kuwa na paka, lakini mtu akiogopa humbebesha paka mizigo yote.

Aliyetengeneza karatasi hizo alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Walimwita Tarakimu. Umri wa kuoa ulikuwa umempita akitazama skrini, na ndugu hakuwa nao. Alikuwa na mama tu. Kazi yake, hata mimi niliyeachana na darasa mapema niliielewa nilipoelezwa, ilikuwa hivi: ndani ya kompyuta za hospitali mlikuwa na madaftari mawili. Moja la usajili, lenye majina na namba za kadi. La pili la wodi, lenye vitanda, dawa na chakula. Yeye aliyaunganisha. Kila alfajiri ripoti kubwa ilitaja kitanda na jina, na chini ya kila jina ikatoka ripoti ndogo yenye dawa na chakula cha mtu huyo. Kuandika ndani ya madaftari hakuruhusiwa hata nukta. Alikuwa kama mpeleka barua, anabeba tu.

Na ripoti ilikuwa na sharti moja. Ilimchapa yule tu ambaye namba yake ya kadi ilionekana kwenye madaftari yote mawili. Asiye na mwenzake upande wa pili alirukwa.

Sharti hilo lilikuwa limemshika mama yake mzazi. Aliletwa amezimia, moyo unapiga kama ngoma iliyopasuka, bila kitambulisho mkononi. Mapokezi wakampa kitanda cha kumi na nne na namba ya muda, lakini watu wa usajili wakagoma kuiingiza mpaka kitambulisho kipatikane. Kwa hiyo kwenye daftari la wodi alikuwapo, kwenye daftari la usajili hakuwapo, na kwenye karatasi hakutoka. Dirisha la dawa nalo halikutoa hata kidonge bila karatasi. Siku ya kwanza mama akakosa dozi zote tatu, na kucha zake zikaanza kuingia rangi ya wino.

Tarakimu alitafuta kila mahali ambapo taarifa hupotelea. Akakagua kichujio cha tarehe. Akatanua kisanduku cha ripoti ndogo, maana huwa kinabanwa mpaka kinameza maneno. Akaangalia kama kuna aliyeamuru mistari mitupu ifichwe. Mwisho akaliondoa sharti lenyewe, akaandika waje wote waliomo wodini, hata asiye na mwenzake. Alibonyeza kuhifadhi saa tano na dakika arobaini, mchana kweupe, jua likiwa dirishani.

Kesho yake kitanda cha kumi na nne kikatoka na dawa zote chini yake. Tarakimu akaibusu karatasi. Hakufunua mpaka ya mwisho.

Majini wa watu wengine hutoka usiku wa manane. Huyu alifanya kazi saa za ofisi.

Siku ya pili tangu karatasi hiyo, kitanda cha saba kilichapwa jina tupu. Chini yake, mahali pa ripoti ndogo, palikuwa peupe. Wa saba alikuwa mchuuzi wa mboga, mwanamke mwenye sauti ya kumgeuza mteja aliyeshafika kona. Kigari cha dawa kikatoka kwa wa sita kikaenda kwa wa nane. Saa kumi alasiri ndipo mtu alipomgusa, akamkuta baridi kama sakafu, na glasi ya maji ipo shubiri moja tu kutoka vidoleni mwake.

Chuma akaenda chumbani kwa Tarakimu, akaufunga mlango kwa mgongo. Kwa sauti ya chini alimweleza kwamba mgonjwa wa nane ameapa mwenzake aliita tangu asubuhi, aliita wauguzi kwa majina yao, nao walikuwa wakitandika mashuka mkono mmoja kutoka pale alipo na hawakugeuka.

"Na mimi nilipita mara tatu," akasema Chuma. "Mara tatu, Tarakimu. Sikuona mtu. Niliona nafasi."

Alipoondoka, Tarakimu alifungua daftari la wodi. Dawa za wa saba zilikuwamo, zimeandikwa vizuri, hakuna kilichofutwa. Akachapa kitanda hicho peke yake, ikatoka karatasi nyeupe yenye joto la mwili. Akachapa cha thelathini na moja, na mashine ikaanza kutema bila kupumua: dawa za mchuuzi, chakula cha mchuuzi, dripu ya mchuuzi, vyote chini ya mtu asiye na jina wala umri. Kilichojazwa juu yake kilikuwa kitu kimoja tu, wakati wa kulazwa. Ilikuwa juzi, saa tano na dakika arobaini.

Hapo akajua. Kulirudisha sharti kulikuwa kazi ya dakika moja, lakini lingemtoa mama pamoja na huyo mwingine. Akajiambia siku moja tu, kitambulisho kitapatikana. Akaikunja karatasi, akaikalia.

Siku ya tatu ikawa zamu ya wa ishirini na mbili, msusi wa nywele, binti aliyelazwa kwa homa tu na aliyekuwa ameahidiwa kurudi nyumbani Ijumaa. Safari hii wagonjwa wenzake walisikia zaidi ya kilio chake, walisikia magurudumu ya kitanda yakilia kutoka kwenye ukuta mtupu, yakija polepole katikati ya wodi saa nne ya asubuhi huku wafagiaji wanafagia na redio ya mlinzi inaimba nje, yakasimama ubavuni mwa binti yule, kisha ikaja sauti ya mtu anayekula taratibu bila haraka, na harufu ya jivu bichi ikapanda hadi wenye nguvu wakajifunika mashuka usoni na wasio na nguvu wakafumba macho.

Tarakimu akaenda kwa mama wa kufulia.

Huyu alifua mashuka ya hospitali kwenye banda la nyuma, na ilijulikana kwamba anaongea na majini. Ofisini walimcheka hadharani, kisha mmoja mmoja walimfuata kwa mlango wa uani, hata mganga mkuu, ila hilo tuliache. Alimkuta akikunja. Tarakimu akamwaga yote, hata ile karatasi aliyoikalia. Yule mama hakumlaumu. Alimwonyesha rundo la mashuka kwenye kona.

"Shuka lisilo na namba silirudishi wodini, mwanangu. Hata liwe jipya. Hujui lilimfunika nani." Akaendelea kukunja. "Ulimkaribisha kwa maneno gani?"

"Sikumkaribisha, mama."

"Hawaingii bila kukaribishwa. Maneno gani?"

"Niliandika waje wote. Hata asiye na mwenzake."

Mikono ya yule mama ikasimama. "Kuna wanaoyasubiri maneno hayo tangu kabla ya kuta hizi," akasema. "Funga kwa mdomo uleule uliofungulia."

Tarakimu akaeleza kwamba mama yake atabaki nje. Akaambiwa basi ampe namba. Akasema hana ya kumpa, labda ya yule mchuuzi, ambaye haihitaji tena.

"Ya marehemu ameshaila. Utamlaza mama yako kinywani mwake." Akamtazama kwa huruma. "Iwe ya mtu aliye hai, na aitoe mwenyewe. Lakini namba moja haiwavushi wawili. Atakayeitoa atabaki nje pamoja na huyo mgeni. Simfukuzi duniani, baba, siwezi. Namfukuza kwenye hesabu ya watu."

Tarakimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa bei. Akasema atafikiria hadi kesho.

Kesho ikaja na karatasi. Kumi na nne: namba ya muda. Chini yake peupe.

Alikimbia. Aliingia wodini akakuta kigari cha dawa kimeshatoka kwa wa kumi na tatu na kinasimama kwa wa kumi na tano, na yeye mwenyewe, mtoto wa tumbo lile, alitazama kati ya vitanda hivyo viwili akaona sakafu iliyopigwa deki na ukuta na mwanga wa dirisha na hakuna kingine, akapiga magoti akapapasa hewa kama kipofu hadi vidole vyake vikagonga chuma baridi, kisha blanketi, kisha mkono mwembamba aliokuwa anaujua tangu kabla ya kujua jina lake, na mkono huo ukamshika, na sauti ya mama ikasema karibu na sikio lake kwamba kuna mtu amekaa miguuni pake tangu asubuhi, mzito, anamwuliza kama amemaliza kuutumia moyo wake. Nyuma yake magurudumu yakalia mara moja, kama kiti anachosogeza mgeni aliyenogewa na maongezi.

"Mama, mimi nipo," akasema Tarakimu. "Usimjibu."

"Nimemwambia angoje mwanangu aje," mama akanong'ona. "Sasa umekuja, baba."

Tarakimu akainuka, akamfuata Chuma mezani kwake, akamwekea kadi yake mwenyewe, aliyopewa mwaka aliovunjika mkono. Sista mkuu alikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye daftari la wodi. Tarakimu akamwomba afute namba ya muda ya kitanda cha kumi na nne na aweke hii.

Chuma akamjibu kwamba kumpa mgonjwa kadi ya mtu mwingine ni kosa la kufukuzwa kazi, na anayeshitaki atakuwa yeye Chuma.

"Hutakumbuka wa kumshitaki," akasema Tarakimu.

Chuma akaivuta kadi karibu. Alikuwa amepita mara tatu mbele ya mwanamke aliyekuwa anakufa. Akaandika namba.

Tarakimu akarudi chumbani kwake, akaketi, akalirudisha sharti lake la zamani neno kwa neno. Mgongoni alihisi pumzi yenye jivu, yenye subira. Alidhani atapiga kelele, ama atamwona. Hakuona kitu. Alibonyeza kuhifadhi, akaagiza orodha ichapwe upya, na karatasi zikatoka moja baada ya nyingine mpaka thelathini, hakuna ya ziada. Kwa kumi na nne ripoti ndogo ilijaa: vidonge asubuhi, vidonge mchana, vidonge jioni. Akasikia kutoka wodini kigari kinageuzwa kurudi nyuma.

Akasimama mlangoni kumwambia karani wa mapokezi kwamba kazi imekwisha. Karani alipiga miayo, akanyoosha mkono kupita bega lake, akauvuta mlango, akazima taa ya chumba ambacho hakukuwa na mtu.

Mama alipona. Kucha zikarudi rangi yake, akaanza kula, akaanza kulalamikia chumvi. Siku ya kuruhusiwa alikaa kwenye benchi la mapokezi na kifurushi chake, akakataa kuondoka. Alisema anamngoja mwanawe. Chuma alikuja mwenyewe akaketi kando yake, akamfafanulia kwa upole kwamba aliletwa na gari la wagonjwa, na kwamba siku zote za kulazwa kwake hakuna mgeni aliyeandikwa.

"Nina mtoto mmoja," akasema mama. Akafikiri. "Anafanya kazi... anafanya kazi ya..." Akatazama viganja vyake kana kwamba alikuwa ameliandika humo. Jina halikuja. Akajifuta macho, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema ni dawa hizi, zinamwotesha ndoto.

Tarakimu alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameishika mikono yake miwili. Mama aliivuta akaisugua, akisema mapokezi haya yana baridi.

Akatoka, akashika njia ya nyumbani na kifurushi chake kwapani, polepole, anapumzika kila penye ukuta wa kuegemea. Tarakimu alimfuata. Na ubavuni mwa Tarakimu alitembea yule mwingine, ambaye sasa alikuwa na mwenzake, na ambaye hakuwa amekula siku sita.

Walipofika mlango wa nyumba, mama alihisi kitu mgongoni, kama wanavyohisi wote waliowahi kulala karibu na kifo. Akageuka. Akatazama mtaa mtupu, uliomezwa na jua la saa saba. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, aliyefundishwa kutomzibia mtu njia. Akaufungua mlango kwa upana, akajibana pembeni.

"Kama kuna mtu nyuma yangu," akasema, "apite tu, karibu."

Tarakimu alipiga kelele ambayo haikumfikia mtu. Hakuinua mguu. Aliyepita alikuwa mwenzake.