Fomu Zilizosainiwa Jumatatu

Harufu ya udongo uliolowa iliingia ofisini saa tisa kasoro dakika mbili mchana, madirisha yote yamefungwa na nje jua linawaka kama lina ugomvi na mtu. Mtabiri wa hali ya hewa, ambaye wenzake walimwita Mzee wa Mawingu, alinusa, akageuka kutafuta ilikotoka.

Siku hizi mawingu yenyewe hakuyatazama. Mashine ndiyo iliyotabiri. Yeye alibakizwa kwa kazi moja tu: atoke nje, aangalie anga, alinganishe, kisha asaini. Bila saini ya mtu, utabiri haukuwa na nguvu. Naye, kwa uvivu wake, kila Jumatatu alisaini fomu tupu za wiki nzima na kuzipanga kwenye printa.

Printa ikaguna. Karatasi ikatoka imelowa.

"Dada, hebu soma hapa," alimnong'oneza fundi wa mitambo.

Fundi akasoma kwa sauti. "Mvua, hakuna. Upepo, hakuna. Atafika saa tisa kamili." Akaonyesha kwa kidole jina la mtaa lililoandikwa juu ya karatasi. "Nani huyo? Na mtaa huu si ndio wenu, Mzee?"

"Ndio wetu."

"Mashine haijui kusema 'atafika'. Hatukuifundisha. Huyu anayesema si mashine."

Mzee akaichana karatasi vipandevipande. Printa ikaguna tena, ikatoa nyingine, maneno yaleyale, na chini yake saini yake mwenyewe.

Hofu ilimshika, maana nyumbani walikuwako mkewe na binti yao wa miaka minne, na saa ya ukutani ilikwishapita saa tisa kwa dakika tatu, na ndani ya printa ilisikika pumzi nzito yenye majimaji, ikififia kidogo kidogo kana kwamba mwenyewe anaondoka zake, huku yeye akibonyeza simu, akikosea, akirudia, hadi mkewe akapokea.

"Mke wangu, funga mlango! Asiingie mtu!"

Mkewe alicheka. "Wewe nawe! Unanipigia simu kutoka chumbani?"

"Niko kazini."

"Acha utani. Si umeingia sasa hivi, umelowa chapachapa, hata salamu hukuitikia?" Kisha akashusha sauti. "Halafu mbona umejifungia na mtoto?"

Akaibana simu sikioni. Kwa mbali, ndani ya simu, alimsikia binti yake akisema, "Baba, mikono yako ina baridi."

Kisha hakumsikia tena.