Kitabu cha Kumi

Jumamosi ile asubuhi nyumba ya Mwalimu Muhtasari ilikuwa shwari. Mkewe alikuwa uani akianika nguo, mwenyewe anapiga pasi shati sebuleni, nami nimeketi nikimsumbua kwa porojo. Ni jirani yangu na tunafundisha sekondari moja, kwa hiyo wazazi wenzangu, msidhani nawaletea ya kusikia.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, na alilipenda. Maktaba ya shule ilikuwa chini yake, naye aliifunga kwa kufuli ili vitabu visichakae. Watoto aliwapa muhtasari wa kila mada, na mwishoni orodha ya vitabu kumi vya rejea. Walinakili orodha hiyo neno kwa neno bila kukiona hata kimoja. Walifaulu, tukapiga makofi. Ndiyo, hata mimi nilipiga.

Basi simu ikalia, akaiweka kwenye spika ili aendelee kupiga pasi. Alikuwa binti yake, mwaka wa kwanza chuoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka?"

"Kile kitabu cha kumi kwenye orodha yako, cha masoko ya kale. Kiko hapo shuleni?"

"Cha nini?"

"Nimekitaja kwenye insha yangu ya utafiti. Mhadhiri anasema amesoma habari za masoko miaka ishirini na hajawahi kukisikia. Amefurahi, anataka nimpelekee Jumatatu. Nimekitafuta siku nne, baba. Nilidhani ni mimi sijui kutafuta, maana hata rafu zinavyopangwa nimekuja kuambiwa huku. Mkutubi amenisaidia mpaka amechoka. Nisipokileta, itaonekana nimedanganya, na hapa anayedanganya anafukuzwa."

Pasi ilibaki juu ya shati mpaka mkewe akasikia harufu, akaja kuiinua.

Niwaambie alichokuwa akikijua. Mwaka mmoja mkaguzi alidai rejea kumi, naye alikuwa na tisa. Akabuni cha kumi, jina na mwandishi, ili mgeni aondoke. Hakukifuta. Miaka sita watoto wetu wakawa wanakinakili.

"Mwambie kimepotea," alisema hatimaye.

"Nimeshamwambia kiko kwako. Anataka kutuma mtu."

Nilimwona akizunguka sebule ile ndogo, mlangoni, dirishani, mlangoni tena. Akisema ukweli, heshima yake imekwisha. Akinyamaza, mwanawe ndiye tapeli. Hakuwa na pa kutokea, na nilimhurumia, ingawa pia nilitamani kumzaba kofi.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "hicho kitabu kipo au hakipo?"

"Hakipo. Nilikibuni."

Simu ilikuwa bado hewani. Binti alikata bila kuaga.

Jumatatu nilimsindikiza Mwalimu chuoni. Ofisi ya mhadhiri ilikuwa nyembamba, makabati pande zote, sisi wanne, binti akiwemo, tumebanana goti kwa goti. Mwalimu alikiri yote, jasho likimtiririka. Mhadhiri, mama wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nashukuru umesema," akajibu. "Nitaiomba kamati ya nidhamu isimfukuze binti yako. Lakini insha ina jina lake, mwalimu, na ametia sahihi kwamba vitabu hivi kavisoma. Binti, umesoma vingapi?"

"Hata kimoja," binti akasema.

Mwalimu akamgeukia. "Si ungeniuliza mapema, mwanangu?"

"Ningekuulizaje, baba? Wewe ndiye uliyeandika."

Alisema taratibu, bila hasira yoyote. Baba yake akafunika uso kwa mikono, akalia mbele yetu. Kamati ikaamua binti arudie mwaka.

FUNZO

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto anayepewa kila kitu kimetafunwa tayari tunampeleka chuoni hana meno. Tumfundishe angali kwetu kutafuta kitabu mwenyewe, kukifungua, kukitilia shaka hata kama kimetajwa na baba yake, na kusema "nimekisoma" pale tu alipokisoma. Akichafua kurasa, na azichafue. Wala tusimlaumu Mwalimu Muhtasari peke yake. Nilijua watoto hawasomi, nikanyamaza kwa kuwa matokeo yalikuwa mazuri.

Leo binti yule yuko mwaka wa kwanza kwa mara ya pili, anajifunza kwa wageni kile ambacho sisi wawili tulilipwa mshahara kumfundisha.