Damu ya Bonareri na Birika Lisilopoa

Nyumbani kwa Bonareri, karibu na Birongo huko Kisii, birika halikupoa. Asubuhi chai, mchana chai, na jioni chai nzito pamoja na ugali na chinsaga, ile mboga chungu ambayo akina mama wa Kisii huisifu kwa kuongeza damu. Mumewe, Ombati, alikuwa mkulima wa majani ya chai. Alipenda kusema kwamba mkulima asiyekunywa chai anajitukana mwenyewe.

Mwaka wa 1978 Bonareri alianza kuchoka ovyo. Akichuma chai kidogo tu, moyo unamwenda mbio. Lakini kilichomchoma hasa ni kwaya. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, na askofu alikuwa anakuja Desemba kubariki kanisa jipya. Sasa pumzi ilimkatikia katikati ya ubeti. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba heri mwanakwaya mwenzao Nyangate aongoze. Bonareri alilia jikoni, akasingizia moshi.

Akaenda hospitali mjini Kisii. Daktari alimpima, akasema hana minyoo wala malaria, ila damu yake ni kidogo. Akaongeza kwamba hata mafuta ya damu, yaitwayo kolesteroli, yako chini. Loo, Bonareri hakusikia lingine! Shemeji yake Zachariah, karani wa mjini, alikuwa ameonywa kwamba kolesteroli yake imepanda mno. Basi mama huyu akarudi kijijini akitamba kwamba ni mzima kuliko karani. Vidonge vya madini ya chuma alivyopewa akavitupa juu ya kabati.

Jirani yake Tryphosa, muuguzi wa zahanati, alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akamketisha.

"Mama, damu ikipungua, mara nyingi kolesteroli nayo hushuka. Usiione kuwa dalili ya uzima. Ukitibiwa na damu ikarudi, kolesteroli nayo inaweza kupanda hadi kiwango cha kawaida. Hapo usiogope."

"Kwa hiyo, Sista, nimejisifia ugonjwa?"

"Tena umejisifu mbele ya kijiji kizima."

Tryphosa akamuuliza anakula nini. Bonareri akataja maharagwe na chinsaga, tena kwa majivuno. Akaulizwa anateremshia nini. Akajibu, chai.

"Hapo ndipo penye shida," akasema Tryphosa. "Chai ikinywewa pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, na mwili huyahitaji kutengeneza damu. Mboga yako inaleta, chai yako inazuia."

Ombati alinuna, akauliza kama chai yake sasa imekuwa adui. Tryphosa akamwambia hapana, ila isubiri zamu yake, saa moja au mbili baada ya kula. Mezani wanywe maji, na wale chungwa au pera. Nyama au omena, wale dagaa wa ziwani, wakipata, vizuri zaidi. Vidonge navyo vimezwe kama daktari alivyoagiza, wala visiachwe kwa kuona nafuu tu.

Ombati alinung'unika wiki nzima, kisha akazoea. Bonareri naye akavishusha vidonge kabatini, akavimeza. Aliporudi kupimwa, damu ilikuwa imepanda, na kolesteroli imefika kiwango cha kawaida. Alikumbuka maneno ya Tryphosa, hakushtuka. Alifurahi.

Siku ya askofu, Nyangate alikaa tayari kumpokea Bonareri wimbo pumzi ikimkatikia. Akasubiri. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu Bonareri akaupandisha juu zaidi. Mwishowe Nyangate akachoka kusubiri, akaitikia kama wengine.