Bahasha Ambayo Haikufunguliwa

Lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu saa mbili asubuhi, ikiwa na watu saba. Muuguzi mmoja, gauni lake jeupe likiwa limepigwa pasi hadi mikono inasimama, alibanwa kwenye kona na kijana wa kompyuta aliyekumbatia mkoba.

"Kiwiko chako kiko mbavuni mwangu."

"Samahani, sista. Sina pa kukiweka."

"Basi kiache. Nimeanza kukizoea."

Walitolewa baada ya dakika arobaini. Kijana alitoka na namba ya simu.

Miezi minane baadaye, kijana huyo aliandika skripti, programu fupi ya kompyuta, ya kupanga zamu za wauguzi. Jumamosi ya wiki hiyo alitarajiwa kwa baba wa yule muuguzi, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake, kusema nia yake ya kumwoa. Alikuwa ameahirisha mara mbili, na Jumapili mzee alikuwa anasafiri kikazi kwa mwaka mzima.

Alhamisi ratiba ikabandikwa. Muuguzi akapiga simu.

"Fundi, nina ruhusa ya Jumamosi na umenipanga kazini."

"Skripti ndiyo inayopanga."

"Na skripti kaiandika nani, mjomba wangu? Kwanza ulikuwa na homa. Kisha gari likaharibika. Sasa unanifungia wodini! Kama hutaki kumwona baba, sema."

"Mpenzi, hebu nisikilize..."

Simu ilishakatwa.

Kijana alifungua skripti. Taarifa zilipangwa kama kabati: droo ya wodi, ndani yake faili la siku, ndani ya faili bahasha ya kila muuguzi. Skripti ilizunguka droo zote, kisha mafaili yote. Ilipofika kwenye bahasha, iliona kwamba ipo, ikaandika "yupo kazini". Haikuifungua kusoma neno "ruhusa" lililokuwa ndani. Ulihitajika mzunguko mmoja zaidi. Wauguzi kumi na mmoja walikuwa wamepoteza ruhusa zao.

Alirekebisha kwa dakika sita, akampelekea ratiba mpya metroni, mkuu wa wauguzi.

"Itaanza wiki ijayo," alisema metroni, bila kuvua miwani. "Nikiwaachia wote kumi na mmoja, wagonjwa nitamwachia nani? Wewe?"

"Mmoja tu, mama."

"Mmoja wako. Na hao kumi niwaambie nini?"

Kijana akaondoka. Alimwandikia mpenzi wake ujumbe. Haukujibiwa.

Jumamosi mchana, muuguzi alikuwa akibadilisha dripu ya kitanda cha sita simu ilipotetemeka mfukoni. Namba ya baba yake. Alimaliza dripu, akapokea.

"Baba?"

"Ni mimi."

"Wewe? Uko wapi?"

"Kwenu. Nimekaa kati ya shangazi zako, kwenye kochi la watu wawili. Siwezi hata kuinua mkono. Simu kanishikia baba yako."

Muuguzi aliegemea ukuta. "Na kiwiko?"

"Mbavuni mwa shangazi mkubwa."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba hukuja kwa kosa langu. Nimeeleza bahasha, droo, yote. Baba kauliza kama huwa nakagua kazi yangu. Nimejibu, kuanzia Alhamisi, ndiyo."

Upande wa pili wa simu, shangazi wakacheka.

"Halafu?"

"Halafu kasema swali lililobaki si lake. Utakubali nikuoe?"

Kitanda cha nne kiligonga kengele. Zilibaki saa nne za zamu.

"Siwezi kutoka hapa hadi saa kumi na mbili," alisema.

"Hata mimi. Shangazi wamenibana."

"Basi tulia hapo hapo, nakuja kukutoa. Na jibu ni ndiyo."