Wino Mbichi

Yaliyompata rafiki yangu Achola, mtoa chanjo ya polio kule Nyakach, sijui niyaite nini. Ng'ambo ya mafunjo kuna boma ambalo miaka kumi na mmoja halijapokea mgeni, na Achola alishuku kwamba wenyeji wake wanaficha watoto wasichanjwe. Akaenda mchana kweupe, sanduku lake la chanjo begani, lile ambalo kifuniko chake hakifungiki mpaka ukipige ngumi mbili.

Watoto wanne wakamnyooshea vidole vyao vidogo kabla hajasema neno. Vyote vilishatiwa alama ya chanjo, wino bado mbichi.

“Mama, nani amewachanja hawa?”

Mama mwenye boma akamkazia macho. “Kwani si wewe? Umeingia kwa nyumba saa hii tu, na sijakuona ukitoka.”

Huko ndani, gizani, kifuniko kikapigwa ngumi mbili.