Feni Iliyotoka Barabara ya Ijara

Mkate ulianza kuungua upande mmoja. Hivyo tu. Mtu akikuambia mambo ya nyumba ile yalianza kwa radi au kwa paka mweusi, mwambie akauze uongo wake Elwak, huko ndiko kwenye wanunuzi. Upande wa kushoto mkate ulitoka mweusi tii, upande wa kulia unga mbichi unaoshika vidole. Amino aliumega, akaunusa, akasema feni imechoka.

Amino alikuwa mjane mwenye bekari ndogo nyuma ya soko la Garissa, akiishi humo humo na binti yake Raho, msichana mkubwa asiyependa maneno mengi. Oveni yao marehemu mumewe aliinunua kwa maofisa wa Kizungu walipofunga kantini yao na kwenda zao. Lilikuwa sanduku kubwa la chuma lililojengewa ukutani, kuni chini, na kwa ndani kabisa, nyuma ya bati lenye matundu, feni ya kuzungusha hewa moto ili mkate uive sawa pande zote. Shafti ya feni hiyo ilipenya ukuta wa nyuma hadi nje, kwenye injini ya dizeli iliyokaa chini ya kibanda cha mabati. Kwa mji wetu wa wakati ule ilikuwa mashine ya kuringia, na Amino alikuwa akiringa kweli, Mungu amsamehe.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Vita vya shifta na serikali vilikuwa vimekolea, jua likizama ni kafyu, magari hayaendi ila kwa msafara na ruhusa, na ukimwambia mtu unataka feni ya oveni kutoka Nairobi atakuuliza kama umelala vizuri. Kila nyumba ilikuwa na msiba wake. Wa Amino ulikuwa Nuh, mwanawe wa kwanza, tanboi, yaani utingo wa lori. Kabla ya mvua kubwa lori lao lilikanyaga bomu kwenye barabara ya Ijara, likawaka na sukari yake yote. Waliokutwa humo hawakutambulika. Walizikwa kando ya njia na watu wasiowajua, na mama akaletewa habari tu, hakuletewa hata kiatu. Nuh alisomewa khitma, mama akalia, kisha akarudi kwenye unga wake maana Raho lazima ale.

Kwa hiyo feni ilipokufa, aliitwa Gelle. Gelle alikuwa ndugu yake Amino, fundi wa magari, mtu wa mikono mizuri na mdomo mzito. Aliingia kichwa na mabega ndani ya oveni iliyopoa, akafungua lile bati, akailegeza nati kubwa, akaivuta feni nje. Beringi ilikuwa imesagika na mapanga mawili yamepasuka. Alisema haitengenezeki leo wala kesho, akaondoka. Siku ya pili alirudi na feni ya lori. Aliikata mapanga yakaenea, akaitoboa kitovu ikakaa kwenye shafti, akaizungusha kwa kidole hata ikasimama popote ilipotaka bila kuvuta upande mmoja. Dada yake alimuuliza ametoa wapi chuma kizuri hivyo. Akasema kwenye vyuma chakavu, akainama kufunga vifaa vyake.

Mkate wa siku hiyo ulitoka wa dhahabu. Majirani walisifu. Ila ulikuwa na harufu ya mpira ulioungua, kidogo tu, na Gelle alipopewa wake aliuweka mfukoni, hakuula.

Jioni Raho alizima injini na kuvua mkanda uliozungusha shafti, kama kawaida. Feni ikaendelea kuzunguka. Alidhani ni mwendo wake wa mwisho, akafagia, akafunika unga, akafunga dirisha, na bado ndani ya oveni alisikia ule mvumo wa chini, vuu, vuu, kama mtu anayepumua usingizini. Aliufungua mlango wa chuma. Mapanga yalipunguza mwendo yakaanza kuhesabika, na katika mizunguko ile ya mwisho, pamoja na harufu ya mpira na nywele zilizoungua, ikatoka sauti ndogo ya kiume ikisema: Hooyo.

Raho alifunga mlango asimwambie mtu. Kosa. Maana kesho yake aliyesikia ni Amino mwenyewe, na Amino hakufunga mlango.

Kwetu mtoto humwita mama yake hooyo, na mama naye humwita mtoto hivyo hivyo, hooyo. Mtoto akiita, mama huitika kabla hajafikiri, hata akiwa kwenye swala moyo wake huitika. Amino alikuwa ameshika trei ya mikate kumi na miwili. Aliiacha ikaanguka, akaingiza kichwa kwenye mlango wa oveni, akasema, "Haa, hooyo."

Tangu hapo hakutoka tena. Aliketi mbele ya oveni mchana kutwa, shuka imemfunika hadi usoni, akiongea kwa minong'ono na kusubiri. Sauti haikuwa na mengi. Iliita. Ilisema kuna joto. Iliposema kuna joto, Amino alizima kuni akazimwagia maji, na mkate ukaisha Garissa, watu wakaja na vikapu wakarudi navyo. Raho alimsihi ale, akakataa. Alimwambia yule si Nuh, watu waliokufa hawakai kwenye oveni. Mama yake alimgeukia na macho yaliyoingia ndani, wala hakumkaripia.

"Sikumwosha," akasema. "Sikumfunika. Mnataka hata nisimsikilize?"

Raho aliacha kumsihi. Lakini alikuwa na macho. Kila jioni aliona mama yake amepungua, mashavu yamebonyea, nywele za mbele zimejikunja ncha kama zimepitiwa na moto ilhali oveni ni baridi, na jioni moja, alipokwenda kumshika mkono amlaze, akakuta mkono ule umeingia ndani ya oveni hadi begani, umenyooka, na kule mwisho, gizani, kati ya mapanga yaliyokuwa yakizunguka polepole bila mkanda wala injini, kitu kilikuwa kimeushika ule mkono kwa upole na kuuvuta, kidogo kidogo, mtu anavyovuta kamba ya kisimani akiogopa ndoo isimwagike. Raho alimkumbatia mama yake kiunoni akavuta upande wake. Vidole vya Amino vilitoka na masizi, na alama tano za kushikwa.

Asubuhi Raho alikwenda kwa mjomba wake. Gelle aliposikia alikaa chini kwenye mafuta na vumbi, akasema ukweli. Feni ilitoka kwenye lori la Nuh. Mabaki yalikuwa yamevutwa mjini na kutupwa, na hakukuwa na feni nyingine ya kuenea ile shafti kutoka hapa hadi Buna. Alifikiri chuma ni chuma.

Wakamwendea Maalim Issack, mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mkali ambaye hata salamu aliijibu kama anayekusahihisha. Alimsikiliza Gelle hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba kitu kilicholala porini penye damu ya watu hupata mpangaji, jini, na mpangaji huyo alikuwapo siku ile, akawasikia wanaokufa wakiwaita mama zao, akajifunza. Sauti ni ya Nuh, alisema, ila mwenyewe si Nuh.

Walifanya kazi hiyo adhuhuri, mlango wazi. Maalim alichoma ubani, akasoma, akanyunyiza maji aliyoyasomea. Gelle aliingia ndani ya oveni na mikono iliyofungwa vitambaa. Nati ilikuwa baridi kama maji ya kisima na haikutaka kugeuka, na kadiri alivyoikandamiza spana ndivyo sauti ilivyopanda, hooyo, hooyo, wananitoa, hooyo, wananivunja, hata watu waliokuwa wakipita sokoni wakasimama, na Gelle akawa analia kwa sauti huku akigeuza, kwa sababu naye alimbeba Nuh mgongoni alipokuwa mtoto na sauti hiyo aliijua. Maalim alimwambia Amino aseme neno moja tu. Aseme, wewe si mwanangu, nenda. Amino alijaza shuka mdomoni.

Feni ilitoka. Gelle aliichomoa na shafti, akaondoka navyo, na feni akaitupa mto Tana, mahali penye kina. Ukutani likabaki tundu la shafti, la kupitisha ngumi, lililotazama kibandani.

"Chuma kimetoka," Maalim alimwambia Amino. "Mwenyewe hajatoka. Wewe ulimwitikia, wewe ndiye mlango wake. Atarudi na sauti ile ile, na usiposema neno, atakuchukua. Huyu binti atabaki na nani?"

Amino alimtazama Raho. Alionekana kama mtu aliyeamshwa. Siku zilizofuata alikula, akawasha kuni, akawa anageuza trei kwa mkono katikati ya kuoka, kazi ya kuunguza vidole, wakati Gelle anatafuta njia ya kuitengeneza feni ya zamani. Wateja walirudi. Usiku alilia, lakini kulia ni kulia tu. Raho alianza kupata usingizi.

Kisha ikaja jioni ile. Jua limezama, kafyu imeingia, barabara hazina hata mbwa. Wanawake wawili walikuwa wakikanda unga wa kesho kwa taa ya kibatari. Mlango ukakwaruzwa, chini, karibu na kizingiti.

"Hooyo."

Mikono ya Amino ilisimama kwenye unga. Raho alimrukia akamziba mdomo. Kulikuwa na mvumo barabarani, landrova ya doria ikija polepole na taa zake, mwanga ukapita chini ya mlango, ukasimama. Nje kitu kilijiburuta kikiuacha mlango, kikafuata ukuta, kikazunguka kwenda nyuma. Walikisikia kinavyokwaruza. Landrova haikuondoka, injini yake ilinguruma palepale, na wanawake wale walibaki wamekumbatiana bila kupumua, wakifuata kwa masikio kile kilichokuwa kikipita nyuma ya ukuta wao, kikiingia kibandani, kikikaa, hadi ndani ya oveni, kwenye giza la lile tundu tupu, mnong'ono ukatoka, mdogo kuliko siku zote na wa kuchoka kuliko siku zote.

"Hooyo. Ni mimi. Nifungulie."

"Sema," Raho alilia sikioni mwa mama yake. "Hooyo, nakuomba, sema. Usiniache peke yangu."

Amino alipiga magoti mbele ya oveni. Chuma kilikuwa bado kina joto la mikate ya alasiri. Aliweka uso wake mlangoni, na kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiwalaza nayo watoto wake, akasema, "Wewe si mwanangu. Nenda."

Kisha kutoka kwenye tundu: "Haya, hooyo."

Hakikusikika kitu tena. Doria ilikwenda zake. Raho alimshukuru Mungu, akamlaza mama yake, na wote wawili wakalala usingizi wa watu waliomaliza kazi.

Alfajiri, kafyu ilipofunguliwa tu, Gelle alikuja na feni ya zamani, imechomelewa, imetiwa beringi mpya. Alizunguka nyuma kibandani kupitisha shafti. Nuh alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa oveni pale penye joto, kichwa kimeegemea karibu na tundu. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa vijiti na kamba za ngozi ya ngamia, umevimba na kunuka hadi kwenye nyonga. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Gelle alimshika kwapani. Pumzi haikuwapo, ila kwapa lilikuwa bado na joto.

Mambo mengine yalijulikana baadaye, kutoka kwa mfugaji aliyemsindikiza hadi ukingoni mwa mji. Lori lilipolipuka Nuh alirushwa vichakani, na aliyezikwa badala yake ni abiria waliyemwokota njiani. Wafugaji walimbeba hadi Sangailu, wakamuuguza. Kutuma habari hawakuweza, mtu aliyeonekana njiani alihesabiwa adui. Mguu ulipoanza kuoza alisema atakwenda kwa mama yake, hata kwa kutambaa. Wafugaji walimpa punda, na punda akafa njiani.

Safari hii alioshwa. Maalim Issack mwenyewe alimwosha, na hakumsahihisha mtu siku hiyo. Alipomaliza alitoka akapita mbele ya Amino bila kumtazama, na tangu siku hiyo hakusomea tena jini la mtu.

Baada ya maziko Amino alimwita ndugu yake ndani. Raho alikuwa amelala kwa kulia. Oveni ilikuwa imezimwa, na feni ya zamani ilikuwa sakafuni haijafungwa. Amino hakulia. Alimuuliza Gelle neno moja: wakati aliposema yale aliyoyasema, mtoto alikuwa hai?

Gelle alijua jibu, mkono wake ulikuwa umeligusa. Lakini alimwona dada yake alivyokaa, akaona kwamba hawezi.

"Wallahi hakukusikia," akasema. "Alikufa mapema, mara alipokaa tu. Nilimkuta amepoa kitambo. Hukumwambia mtu kitu, dada. Uliuambia ukuta."

Amino alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali. Kisha akageuka akaitazama oveni, na mlango wake uliokuwa wazi.

"Basi aliyenijibu ni nani, Gelle?"