Azimio la Siku ya Themanini na Tisa

Kinusambegu kiliruka juu ya kijiji cha Ruhanga, kikashusha mrija wake mwembamba, kikanusa. Ndani ya ghala la Bi Nshekanabo kulikuwa na maharage aliyoyahifadhi kutoka mavuno yake mwenyewe: mbegu zisizosajiliwa. Chombo kilitema moto. Ghala likateketea, na Bi Nshekanabo alikuwamo.

Vyombo hivyo vililetwa na Mkataba wa Biashara na Muungano wa Kaskazini, uliokataza mbegu zote isipokuwa za kununua. Sheria iliyouridhia iliacha mlango mmoja tu: kila baada ya miaka mitano serikali husoma ripoti, na ndani ya siku tisini Bunge na Seneti vikipitisha azimio la pamoja, ridhaa huondolewa na nchi hujitoa.

Bunge lilikuwa limeshalipitisha azimio. Siku ya themanini na tisa, Kokuhirwa Bitegeko, seneta wa Ruhanga, alisimama katika Seneti kuitetea hoja.

"Mheshimiwa anataka kuturudisha kwenye jembe la mkono!" alisema Waziri wa Biashara, Mujuni Kaiza. Upande wake ukagonga meza kwa vicheko.

Kokuhirwa aliomba aitwe Mhandisi Rweyongeza, aliyebuni kinusambegu.

"Mhandisi, chombo chako kilikosea kule Ruhanga?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kilimwona yule mama?"

"Kilimwona. Kina jicho linaloona joto la mwili. Lakini mkataba unataja mbegu, hautaji mtu. Niliomba kisubiri watu watoke kwanza. Wizara ikanijibu kwamba Kaskazini watakiita kikwazo cha biashara."

"Msaliti," alisema Waziri. Kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa, lakini wote walimsikia.

Azimio likapita kwa tofauti ya kura nne.

Nje ya ukumbi, Rweyongeza alimkimbilia Kokuhirwa. "Mheshimiwa, ufunguo wa mtambo mkuu unaoendesha vinusambegu ninao mimi. Naweza kuvizima vyote sasa hivi."

Kokuhirwa alikuwa akimchukia mtu huyu tangu siku ya mazishi ya Bi Nshekanabo. Sasa alimwangalia, akapiga hesabu kichwani. Mkataba ulidai notisi ya miezi sita kabla ya nchi kujitoa. Vyombo vikizimwa leo, Kaskazini wangesema nchi haikujitoa bali imevunja mkataba. Baraza la usuluhishi la mkataba lingelitupa azimio la Bunge na Seneti, na mlango usingefunguka tena kwa miaka mitano.

"Usizime."

"Miezi sita, Mheshimiwa? Vitaendelea kuchoma..."

"Nimesema usizime!"

Aliingia ofisini, akajifungia, akaanza kuwapigia simu wenyeviti wa vijiji, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa wa Ruhanga. Nyuma yake zilisikika ngoma na vigelegele.

"Tumeshinda, Mheshimiwa?"

"Watoe watu maghalani," alisema Kokuhirwa. "Wote, leo hii. Mbegu ziacheni humo humo."

Ilimbidi arudie mara mbili, kwa sababu ya kelele za furaha.